Alhamisi za Ng'ambo

Soazara alianza kumshuku mumewe kwa sababu ya mafuta ya nywele.

Mafuta hayo aliyachemsha mwenyewe, nazi na maua ya mlangilangi, na tangu waoane Velonjara hakuwahi kumwacha apite bila neno. "Kuna mtu anakuja hapa," angesema akiwa amefumba macho barazani, mkewe angali yuko kisimani. "Simjui ni nani, lakini nitamuoa." Utani uleule miaka yote, na miaka yote Soazara aliucheka. Halafu masika moja Velonjara akashikwa na homa, akalala hadi tukaanza kunong'onezana habari za jeneza. Akapona. Akala, akanenepa, akarudi kazini. Ila ule utani haukurudi. Soazara alipita na mafuta yake, mume hageuki. Alijipaka mara mbili. Alijipaka hadi foronya ikaloa. Kimya.

Velonjara alikuwa mvundikaji wa vanila, na kwetu Ambodisatra hakuna kazi inayoheshimiwa kuliko hiyo. Sisi wengine tunapanda, tunachavusha maua kwa kijiti, tunachuma maganda mabichi yasiyo na harufu yoyote, yanafanana na maharage tu. Mvundikaji ndiye anayeyachovya katika maji ya moto, akayafunika kwa mablanketi yakatoka jasho, akayaanika, akayaingiza ndani, akayatoa tena, miezi, mpaka yakawa meusi na laini, yananukia kiasi cha kumvusha mtu bahari kuja kuyatafuta. Ganda moja likishika ukungu, sanduku zima limekwenda. Kijiji chote kilimpa yeye mavuno yake, akayaweka katika nyumba moja ya mbao juu ya kivuko cha mitumbwi. Ufunguo aliuvaa shingoni. Wa pili ulikuwa kwa mkewe, umefichwa ndani ya kinu kibovu jikoni.

Mwaka huo Velonjara akaanza tabia ya kuvuka mto kila Alhamisi.

Alhamisi ni siku ya soko, watu wote hupanda mlimani hadi njia panda na kuku wao na mchele wao, kijiji kikabaki na wagonjwa na mbwa. Soazara naye alikuwa akienda. Alhamisi moja alisahau kikapu, akarudi nusu ya njia, na kutoka mlimani akamwona mumewe anapiga kasia kuelekea ng'ambo, peke yake, na kitu kimefunikwa kitambaa kati ya miguu yake.

Jioni alimuuliza, kama mtu asiyejali, "Leo ulishinda wapi?"

"Nyumba ya vanila. Ningeshinda wapi?"

"Hukutoka kabisa?"

"Mama Nirina, maganda yanaanikwa. Nani atayageuza, wewe?"

Soazara akakuna nazi yake. Uongo ule ulimuuma, lakini kuliko kumuuma ulimwasha. Akataka kujua. Yeye ni mtu wa namna hiyo tangu utotoni. Mama yake alisema huyu mtoto akipewa yai atalipasua aone kama kweli kifaranga kimo. Alipofua nguo alinusa mashati ya mumewe, mbele na kwapani. Moshi wa kuni. Vanila. Hakuna manukato ya mwanamke. Hilo lilimsumbua zaidi. Mwanamke gani huyo asiyenuka kitu?

Siku hizo ndipo Armandin alipokuwa akija kijijini. Alikuwa wakala wa wanunuzi, kijana wa mjini Antalaha, mwenye pikipiki nyekundu na viatu ambavyo hatujui alivifutaje katika tope letu. Alikuja kuulizia mavuno, akapewa kahawa barazani kwa Velonjara. Soazara alipoinama kuweka kikombe, Armandin akavuta pumzi ndefu.

"Dada Soa," alisema, "hii harufu ni ya nini? Kipofu angeacha fimbo yake akakufuata."

Velonjara alikuwa amekaa palepale. Hakuinua hata kichwa. Soazara alimtazama mumewe, akamtazama mgeni, akaingia jikoni akasimama nyuma ya mlango. Alisimama pale mpaka wali ukaungua.

Armandin akawa anarudi. Alichagua saa ambazo Velonjara yuko nyumba ya vanila. Hakuwa na haraka. Mara alimletea sabuni, mara kioo chenye fremu ya buluu, mara hakuleta kitu, alikaa tu akamsikiliza. Mwanamke aliyekuwa hasikilizwi nyumbani kwake akipata mtu wa kumsikiliza hivyo hujikuta ameongea. Soazara aliongea. Alisema hata habari za Alhamisi.

"Ah," Armandin akasema, akaweka kikombe chini polepole. "Kumbe hujui."

"Sijui nini?"

"Mimi si mtu wa maneno, dada."

"Umeshaanza. Malizia."

"Kalo. Yule mjane wa ng'ambo, mwenye nyumba ya majani karibu na minazi mitatu. Wavuvi wanasema mtumbwi wa mumeo unafungwa pale, na mlango unarudishwa."

Soazara alimfahamu Kalo kwa kumwona. Mwanamke mwembamba, mdogo kwake kidogo, si mzuri wa kumgeuza mtu shingo. Alicheka. Kicheko kilikuwa kikavu, na Armandin akaweka mkono wake juu ya wake. Soazara hakuuondoa wake.

Baada ya siku kadhaa Armandin akaleta ombi lake. Alitaka kuyaona maganda kabla ya mnada, basi, ayatazame, ajue ubora, apate kuwaambia wakubwa wake. Velonjara alikuwa amemkatalia. Na yeye Armandin akishapata faida yake, hatarudi tena peke yake mjini. Ipo nyumba yenye baraza inayotazama bahari, inamsubiri mwanamke.

"Nipe ufunguo Alhamisi asubuhi," alisema. "Wewe vuka ukaone kwa macho yako. Ukirudi utanikuta kivukoni. Kama nimesema uongo, nitemee mate usoni. Kama nimesema kweli, panda pikipiki."

Baadaye watu wengi walimuuliza Soazara kama hakuelewa kwamba mtu haombi ufunguo wa kuingilia mchana, kijiji kikiwa kitupu, kwa ajili ya kutazama. Alijibu kwamba alielewa. Alielewa na akampa. Alitaka Velonjara aguswe pale panapomuuma, na pahali pengine pa kumgusa alikuwa hapajui tena.

Alhamisi hiyo aliutoa ufunguo ndani ya kinu, akautia mkononi mwa Armandin nyuma ya migomba, kisha akachukua mtumbwi wa kaka yake na kuvuka mto chini kidogo ya kivuko, mahali ambapo matete yanaficha. Mtumbwi wa mumewe ulikuwa umefungwa kwenye mnazi, kama alivyoambiwa. Mlango wa Kalo ulikuwa umerudishwa, kama alivyoambiwa.

Ukuta wa majani una matundu. Soazara akakaribia, akachutama, akaweka jicho.

Aliona mgongo wa mumewe. Alikuwa ameketi mkekani, mbele yake kile kitambaa kimefunuliwa, na juu yake maganda ya vanila yamepangwa. Kalo alikuwa ameketi upande wa pili, miguu ameikunja. Alichukua ganda moja, akalipitisha chini ya pua taratibu, macho amefumba.

"Hili bado," alisema. "Linanuka majani mabichi. Lirudishe juani."

Velonjara akaliweka kushoto.

"Hili tamu. Zabibu na tumbaku kidogo. Hili liko tayari." Akachukua jingine, akakunja uso. "Hili la nani? Tupa! Kuna ukungu ndani."

"Una hakika? Nimelibonyeza, nimelitazama, halina doa."

"Kaka Velo, ukiniuliza nina hakika kila ganda tutalala hapa. Linanuka kama nguo iliyosahauliwa kwenye ndoo. Wewe husikii kabisa? Hata kidogo?"

"Sisikii kitu," Velonjara akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Tangu ile homa. Hata ningekula mavi ya kuku ningedhani ni embe."

Kalo akacheka. Velonjara naye akacheka kidogo, na kicheko hicho, ambacho Soazara hakukisikia nyumbani tangu masika, kilimwingia kifuani kuliko chochote alichokuja amejiandaa kukiona. Akasukuma mlango.

"Hodi, mke mwenzangu," alisema.

Maganda yakamwagika. Velonjara alisimama, akakaa, akasimama tena. Kalo peke yake hakushtuka. "Karibu, dada," alisema. "Mume wako simtaki. Anaongea vanila tu, hata salamu hana."

"Nimesikia," Soazara akasema. "Nimesikia yote. Baba Nirina, mimi nimejipaka mafuta hadi nikawa kama samaki wa kukaanga! Nikadhani umenichoka!"

"Mama Nirina..."

"Huyu umemwambia. Mimi mkeo hukuniambia."

"Kalo alizaliwa na pua hiyo, baba yake alikuwa..."

"Sikuulizi pua yake!"

Alikuwa akilia na kucheka pamoja. Ghafla akashika nguzo ya mlango. Alikuwa amekumbuka.

"Ufunguo," alisema.

"Ufunguo gani?"

"Wa kinuni. Nimempa Armandin. Yuko huko sasa hivi."

Velonjara hakumpiga wala hakumtukana. Alimtazama tu, kisha akatoka mbio, na wao wakamfuata.

Kutoka kwenye minazi unaona kivuko chetu chote. Mlango wa nyumba ya mbao ulikuwa wazi. Mtu mmoja alikuwa anateremka na sanduku kichwani, na chini mtumbwi mrefu wa kigeni ulikuwa umeshapakiwa. Armandin alikuwa ameshaingia ndani yake, anaelekeza kwa mkono. Wangeteremka na mto mpaka mlangoni mwa bahari, na huko nani angewaona tena?

Soazara akafungua kinywa apige yowe. Wanawake wachache ambao hawakwenda sokoni walikuwa wakifua mbali kidogo, wangesikia. Velonjara akamziba mdomo kwa kiganja.

"Usipige kelele. Watamuua."

Alisema kweli. Mwizi wa vanila kwetu hafikishwi kwa askari. Watu waliokesha mashambani mwaka mzima na panga mapajani hawana subira.

"Na kabla hajafa," Velonjara akaongeza, "atasema alipewa na nani."

Wakatazamana. Kisha Soazara akasema, "Ingia kwenye mtumbwi wangu. Lala chini."

Kalo akamtupia mkeka. Velonjara akalala kifudifudi, akafunikwa, na Soazara akasukuma maji kwa kasia. Alipiga kasia kwa nguvu ambazo hakujua anazo. Mtumbwi ule mrefu ulikuwa umeshaacha ukingo, unaingia katikati ya mto, mzito kwa masanduku. Alikata maji kuutangulia, kitambaa chake cha kichwa kimeanguka, nywele zinang'aa juani.

"Armandin! Nisubiri!"

Armandin akageuka. Alimwona yuko peke yake, uso umejaa machozi, akatabasamu. Halikuwa lile tabasamu la barazani.

"Mama, unakwenda wapi?" aliita. "Rudi nyumbani ukapike."

Mama. Jana alikuwa dada Soa.

"Nimemwona! Ni kweli ulivyosema! Nichukue twende!"

"Mtumbwi umejaa. Nitarudi kukuchukua."

"Lini?"

Mpiga kasia wake akacheka kwa nguvu. "Bosi, huyu naye ulimwahidi baraza?"

Kwa hiyo walikuwepo wengine. Soazara alilisikia hilo na akaliweka kando; alikuwa amebakiza kuvuta kasia mara chache tu. "Basi nipe hata mkono wa kwaheri," alisema. "Mkono tu. Sitakudai kingine."

Wanaume wa aina ya Armandin hawawezi kumnyima mwanamke anayelia mkono wa kwaheri, wanapenda mno kuliliwa. Aliinama akanyoosha mkono. Soazara akaukamata kwa mikono yake yote miwili, akaung'ang'ania, na mkeka ukaruka.

Mpiga kasia alipomwona Velonjara ameibuka na kisu cha kukatia kamba, hakungoja maelezo. Alijirusha mtoni akaogelea kuelekea matete, na mpaka leo hatujui ni nani. Velonjara alishika ukingo wa mtumbwi mrefu. Armandin alivuta mkono wake, Soazara hakuuachia, mitumbwi ikagongana, na yule kijana wa viatu vizuri akapinduka ndani ya maji pamoja na sanduku moja.

Hakujua kuogelea. Alizama, akaibuka, akapiga maji kwa viganja kama mtoto. "Dada Soa!" aliita. Sasa amekuwa dada tena.

Velonjara alikuwa anashikilia masanduku yasimfuate. Alimwangalia mkewe, hakusema fanya au usifanye. Soazara alishika kasia. Alitusimulia baadaye kwamba alihisi uzito wake mkononi, na kwamba alikuwa na hamu, hamu ya ajabu tu, ya kuona ingekuwaje asipolinyoosha. Armandin alizama tena. Mara hii alikawia kuibuka, na alipoibuka macho yake hayakuwa yanamtafuta mtu yeyote. Soazara akanyoosha kasia.

Wakamvuta hivyo hadi kivukoni, ameshikilia kama panya aliyelowa. Lakini wanawake wa kufua walikuwa wameona kila kitu, na kilio kilikuwa kimeshapanda njia ya soko. Tulishuka mlima tukikimbia. Mimi mwenyewe niliacha kuku wangu njiani. Tulikuta Armandin amepiga magoti kwenye tope, na wanaume wa mbele walikuwa wameshaokota mawe.

"Kabla sijafa nitasema!" alikuwa akimwambia Soazara chini kwa chini, meno yanagongana. "Nitawaambia ni wewe!"

"Utawaambia nini ambacho siwezi kusema mwenyewe?" Soazara akajibu. Akapanda juu ya sanduku, akaita kwa sauti ambayo hata viziwi waliisikia: "Ufunguo nilimpa mimi!"

Mawe yakabaki hewani. Hakuna aliyekuwa amejiandaa kwa maneno hayo. Mtu mmoja akauliza, "Umesemaje?" na Soazara akarudia. Alisema habari ya sabuni, ya kioo cha buluu, ya mkono wake ulioshikwa akauacha, mbele ya wakwe zake, mbele yetu sote. Alipokuwa akisema hivyo na sisi tumetoa macho, mwenyekiti wa kijiji alipata nafasi ya kumfunga Armandin kamba na kumpeleka kwa askari akiwa mzima.

"Lakini kwa nini?" shangazi yake Velonjara akapaza sauti. "Mume huyu amekukosea nini?"

Soazara akafunga mdomo. Hapo, na hapo tu, hakujibu. Siri ile haikuwa yake.

Velonjara alikuwa ameshika kamba ya mtumbwi. Angeweza kunyamaza naye. Watu wangemwita mkewe malaya, yeye angebaki mvundikaji mkubwa aliyepigania mali yetu. Aliifunga kamba kwanza, fundo lake akalikaza vizuri. "Pua yangu imekufa," alisema. "Tangu masika. Vanila yenu inanuswa na Kalo wa ng'ambo. Nimewadanganya ninyi na nimemdanganya mke wangu."

Kelele zilizofuata hapo siwezi kuzieleza.

Kijiji kilimtoza Soazara fahali mmoja, aliyepewa na baba yake siku ya harusi, na kwa desturi yetu yeye mwenyewe ndiye aliyeipika nyama ile na kutugawia. Tulimdhihaki, bila shaka. "Mama Nirina, ongeza mchuzi, nyama ya kioo cha buluu ni tamu!" Alipakua akainamisha uso. Kesho yake alifunga nguo zake, akapanda kwao mlimani, kama afanyavyo mke ambaye nyumba imemwelemea. Mume akimtaka, ni juu yake kumfuata.

Velonjara alikawia. Maua ya vanila yalichanua yakaisha. Ndipo siku moja akapanda mlimani na chupa ya pombe ya miwa kwa mkwewe, akakaa barazani, akaambiwa aseme kilichomleta.

Soazara hakumngoja afike kwenye mapambo ya hotuba. "Nina swali," alisema kutoka mlangoni. "Kwa nini yeye, na si mimi?"

"Kwa sababu kwake nilikuwa mteja," Velonjara akasema. "Kwako nilitaka nibaki yule wa zamani. Nilisikia hatua zako ukipita, Mama Nirina. Nilijua umejipaka. Nilitaka kusema ule utani, nikaona nitakuwa naigiza."

"Na Kalo? Hakuna kilichotokea?"

Baba mkwe akakohoa, akainuka kwenda kutazama ng'ombe ambao hawakuwa na haja ya kutazamwa.

"Mara moja alinishika mkono," Velonjara akasema. "Sikuutoa haraka."

"Ulikaa nao kiasi gani?"

"Kiasi cha kujua kwamba siutoi."

Jibu hilo lilimuuma Soazara, na lilimpendeza kwa kuwa lilikuwa kweli. "Mimi nami wa Armandin sikuutoa," alisema. "Huo ulishausikia kivukoni." Kisha akaingia ndani. Velonjara alidhani amekataliwa, akaanza kuvaa kofia yake, kumbe alikuwa anafunga mzigo.

Siku hizi Kalo anavuka mto mwenyewe, kwenye mtumbwi wake, kumnusia Velonjara maganda, na tunamlipa sisi kijiji. Soazara alijaribu kujifunza kunusa ili asihitajike mtu mwingine. Alijitahidi msimu mzima, akashindwa, hatofautishi ukungu na moshi. Hivyo humwandalia Kalo wali, humkaribisha, na wakati wa kunusa ukifika huja na ukili wake akasuka palepale mlangoni, macho kwenye ukili, masikio ndani. Nilimuuliza siku moja kama bado anaona wivu.

"Sana," alisema. "Lakini sasa nauona nikiwa nimekaa."